Daftari la Kijana wa Manowari na Faida Yake kwa Watu wa Taita

Katika majeshi ya wanamaji ya nchi nyingi kuna desturi moja ya zamani. Kijana aliyechaguliwa kusomea uofisa, siku apandapo meli kwa safari yake ya kwanza ya mafunzo, hukabidhiwa daftari nene lenye kurasa tupu. Huambiwa aliandike kwa mkono wake mwenyewe tangu siku meli ing'oapo nanga mpaka siku itakaporudi. Akitapika kwa mawimbi, ataandika. Akiwa hakulala kwa zamu ya usiku, ataandika. Akiwa haoni jambo lolote jipya isipokuwa maji na mbingu, ataandika hali ya hayo maji na ya hiyo mbingu.

Huenda msomaji wa Wundanyi, Mwatate au Taveta akauliza: "Jambo hili lanihusu nini mimi mwenye shamba la mahindi na mbuzi watano?" Swali hilo ni halali. Voi iko mbali na pwani kwa kilomita 160 hivi, na watoto wengi wa milimani huijua bahari kwa kusikia tu. Hata hivyo maandishi ya mabaharia yamegusa maisha ya watu wa Taita Taveta kwa njia ambazo wengi hawazijui, na kanuni yake yaweza kumfaa mkulima na karani kama inavyomfaa baharia.

NAMNA LINAVYOANDIKWA

Katika Jeshi la Wanamaji la Uingereza, ambalo lilikuwa mlezi wa jeshi la kwanza la wanamaji la Afrika ya Mashariki, daftari la kadeti lilikuwa na makusudi matatu. La kwanza lilikuwa kumzoeza kijana kuona, maana watu wengi hutazama lakini wachache huona. La pili lilikuwa kumzoeza kueleza alichokiona kwa maneno machache yanayofahamika. La tatu lilikuwa kumtia tabia ya utaratibu, ili kazi ya leo isilale mpaka kesho.

Kijana aliandika meli ilikotoka na ilikokwenda, hali ya bahari, mazoezi ya mizinga na ya kushusha mashua, jinsi bandari zilivyo, na watu aliowakuta huko. Alichora kwa mkono ramani ya njia ya meli, sura ya lango la bandari, na michoro ya mitambo, ili ionekane kwamba ameelewa jinsi inavyofanya kazi. Ofisa msimamizi alilisoma daftari na kulitia sahihi, na mkuu wa meli naye alilisoma kwa wakati wake. Hatimaye kijana alipokwenda kufanya mtihani wa kupanda cheo, alipaswa kulipeleka daftari lake mbele ya watahini. Mwenye daftari chafu, au lenye majuma yaliyorukwa, hakuwa na la kujitetea.

Daftari hili la kijana si lile kubwa la meli. Lile la meli huandikwa saa kwa saa, mchana na usiku. Kila zamu ni ya saa nne, isipokuwa ile ya kuanzia saa kumi alasiri hata saa mbili usiku, ambayo hugawanywa mara mbili ili watu wale wale wasishike zamu ile ile kila siku. Mwenye zamu huandika mwelekeo wa meli kwa dira, mwendo wake, upande na nguvu ya upepo, uzito wa hewa kwa barometa, na joto la hewa na la maji. Nguvu ya upepo hutajwa kwa kipimo alichokitunga Francis Beaufort mwaka 1805, ambacho huanzia sifuri, yaani shwari kabisa, hata kufikia 12, yaani tufani.

Mwendo wa meli huhesabiwa kwa mafundo. Sababu yake ni kwamba zamani mabaharia walitupa majini kipande cha ubao kilichofungwa kamba yenye mafundo, wakahesabu ni mafundo mangapi yaliyopita mkononi wakati mchanga ulipokuwa ukimiminika ndani ya chupa yake. Fundo moja ni mwendo wa maili moja ya bahari kwa saa, na maili ya bahari ni mita 1,852.

Adhuhuri makadeti husimama sitahani, kila mmoja na sekstanti yake, wakapima kimo cha jua na kupiga hesabu ya mahali meli ilipo. Siku hizi satelaiti huonyesha mahali hapo kwa kufumba na kufumbua. Hata hivyo Chuo cha Wanamaji cha Marekani kule Annapolis, ambacho kilikuwa kimeacha kufundisha njia ya jua na nyota, kiliirudisha mwaka 2015, kwa kuwa mashine yaweza kuzimika au kudanganywa na adui, lakini jua halidanganyiki.

Baharini uongo haukawii kujulikana. Mtu akiandika kwamba ametupa bildi na kupata kina cha pima kumi, kumbe hakutupa kitu, aweza kuipandisha meli mwambani kabla ya zamu yake kwisha. Ndiyo maana kijana hufunzwa mapema kwamba tarakimu iliyobuniwa ni mbaya kuliko nafasi iliyoachwa tupu.

DAFTARI LA MOMBASA LA MWAKA 1824

Mfano mmoja wa jambo hili umo katika historia ya pwani yetu. Mwaka 1822 Kapteni William Owen aliondoka Uingereza na meli mbili, Leven na Barracouta, kwenda kupima pwani za Afrika na kuchora ramani zake. Meli zile zilikuwa pia chuo kwa vijana waliokuwa wakijifunza uofisa. Walitumwa kwa mashua kupima kina cha maji katika milango ya mito, wakalala penye mikoko na mbu, na homa iliwaua wengi mno, maofisa na mabaharia pamoja.

Mwezi wa Februari 1824 Owen alifika Mombasa. Wamazrui, waliokuwa wakiutawala mji, walikuwa wakitishwa na Seyyid Said wa Oman, nao wakaomba ulinzi wa Waingereza. Owen alikubali kwa masharti, na miongoni mwake ni kwamba ushuru wa forodha ugawanywe nusu kwa nusu na kwamba biashara ya watumwa ikome. Kisha akamwacha Luteni John James Reitz awe msimamizi, pamoja na kadeti mmoja, George Phillips, na watu wachache.

Mwezi wa Mei mwaka ule ule Reitz alikufa kwa homa, alipokuwa katika safari ya upande wa Pangani. Jina lake limebaki Port Reitz, mahali panapojulikana na kila aendaye uwanja wa ndege wa Mombasa. Basi mambo yote yakamwangukia Phillips. Fikiri, msomaji: kijana ambaye bado hajapata cheo cha uofisa kamili anakuwa yeye ndiye mwakilishi wa Uingereza katika mji mkubwa wa wafanya biashara, wenye mabaraza yao, desturi zao na fitina zao. Alishika kazi hiyo hata Agosti, alipofika Luteni James Emery kumpokea.

Emery alikaa Mombasa karibu miaka miwili. Alikuwa amelelewa katika desturi ya daftari la meli, naye alipokuwa nchi kavu aliendelea kuandika kama aliye sitahani, siku kwa siku: mambo ya mji, ya biashara, na ya maneno yake na wakubwa wa Kimazrui. Serikali ya Uingereza haikuyakubali mapatano ya Owen, na mwezi wa Julai 1826 Emery na watu wake waliondolewa. Ngome ilibaki, Wamazrui walibaki, lakini daftari lilikwenda London, na huko likahifadhiwa pamoja na nyaraka za wanamaji. Zaidi ya miaka 130 baadaye, mwaka 1957, Sir John Gray, aliyewahi kuwa Jaji Mkuu wa Zanzibar, alitoa kitabu kizima juu ya miaka ile miwili. Kama Emery angaliandika kwa kukumbuka tu, baada ya kurudi kwao, tungalipata hadithi. Kwa kuwa aliandika kila siku, tumepata ushahidi.

Lakini tusiusahau upande wa pili. Emery alikuwa mgeni, na mgeni huona vyema yaliyo barabarani kuliko yaliyo nyumbani. Watu wa Mombasa nao walikuwa na maandishi yao. Palikuwapo historia ya mji kwa Kiarabu, ambayo tafsiri yake ilichapwa katika kitabu cha Owen cha mwaka 1833. Tena siku zile zile aliishi Mombasa Muyaka bin Haji, ambaye mashairi yake yanasomwa hata leo. Mwenye kuyasoma yote huyaona mambo kwa macho mawili. Linalosikitisha ni kwamba habari za watu wa bara za siku zile, wa Taita wakiwamo, karibu zote ziliandikwa na wageni, au zilibaki vichwani mwa wazee na kuzikwa pamoja nao.

VIJANA WETU NA BAHARI

Kalamu hiyo ya baharini sasa imo mikononi mwa Waafrika. Mwaka 1933 kilianzishwa Mombasa kikosi cha wanamaji wa kujitolea. Kutokana nacho likatoka Jeshi la Kifalme la Wanamaji la Afrika ya Mashariki, lililoundwa mwaka 1952 na kuvunjwa mwaka 1962. Kenya ilipokuwa huru ilianzisha Jeshi lake la Wanamaji tarehe 12 Desemba 1964, na makao yake yakawa Mtongwe. Mwaka 1972 uongozi wake ulishikwa na Mwafrika wa kwanza, Luteni Kanali J. C. J. Kimaro.

Si wote waendao baharini huenda na bunduki. Wako vijana wanaosomea kazi katika meli za biashara, na kwao daftari lina thamani iwezayo kuhesabiwa. Mapatano ya mataifa juu ya mafunzo ya mabaharia, yaliyofanywa mwaka 1978 na kurekebishwa baadaye, yanamtaka kijana anayetaka cheti cha uofisa wa zamu sitahani awe amefanya kazi melini. Akiwa katika mafunzo yaliyokubaliwa, na kazi zake zimeandikwa katika daftari la mafunzo lililokubaliwa, muda huo usipungue miezi 12. Akiwa hana, usipungue miezi 36. Kwa hiyo daftari lake, pamoja na mafunzo yanayoandikwa ndani yake, humpunguzia kijana miaka miwili ya kungoja.

Tena taabu kubwa ya vijana wengi wa Kenya waliomaliza masomo ya darasani ni kupata meli ya kuwachukua ili waitimize miezi hiyo. Meli za kwetu ni chache, na meli za ng'ambo huchagua. Mzazi wa Voi au wa Taveta anayetaka kumpeleka mtoto wake katika masomo hayo yafaa aulize mapema, kabla ya kuuza ng'ombe: Je, baada ya darasa kuna meli? Ni nani atakayelitia sahihi daftari lake? Majibu ya maswali hayo ni bora kuliko picha nzuri ya kijana aliyevaa kofia nyeupe.

NDOO YA MAJI NA MVUA YA TAITA

Sasa tulifikie jambo linalomgusa mkulima moja kwa moja. Mwaka 1853 wajumbe wa nchi kadhaa zenye meli walikutana Brussels, kwa juhudi za Matthew Fontaine Maury wa Jeshi la Wanamaji la Marekani, wakapatana kwamba mabaharia waandike hali ya hewa na ya bahari kwa namna moja. Joto la bahari lilipimwa kwa njia nyepesi sana: baharia aliteremsha ndoo kwa kamba, akateka maji, akatia kipimajoto, akasoma tarakimu na kuiandika daftarini. Kazi hiyo haina sifa yoyote. Hakuna aliyepewa nishani kwa kuteka ndoo ya maji ya chumvi.

Lakini tarakimu hizo, zilizoandikwa kwa miaka mingi katika maelfu ya meli, ndizo zilizowawezesha wataalamu kuijua tabia ya Bahari ya Hindi. Mwaka 1999 walieleza kwamba kuna miaka ambapo maji ya upande wa Afrika hupata joto kuliko kawaida na yale ya upande wa Indonesia hupoa. Miaka hiyo mvua za vuli, ambazo kwetu huanza Oktoba hata Desemba, huweza kuzidi kiasi. Ndivyo ilivyokuwa mwaka 1961, mwaka 1997 na mwaka 2019, ambapo mafuriko yaliharibu mashamba na njia katika Afrika ya Mashariki. Hali ikigeuka, maji ya kwetu yakapoa na yale ya mbali yakapata joto, vuli huweza kuwa haba, kama mwaka 2010, mwaka 2016 na mwaka 2022. Mkulima wa nyanda za chini za Voi, ambaye aghalabu huitegemea vuli kuliko masika, ajua vyema maana ya vuli kukosekana.

Kuanzia mwaka 2010 watu wa kujitolea wa nchi mbalimbali walinakili maandishi ya hali ya hewa kutoka madaftari ya manowari za Uingereza za wakati wa vita vya 1914 hadi 1918, ili yatumiwe katika kuchunguza mabadiliko ya hali ya hewa. Walioandika tarakimu zile hawakujua zitatumika hivyo. Walijua tu kwamba zamu yao imewataka waandike, wakaandika kweli.

KANUNI ILE ILE NCHI KAVU

Kanuni hii haikomei baharini. Tarehe 11 Mei 1848 mmisionari Johannes Rebmann, akisafiri kutoka Rabai kwenda Uchagani, alikuwa katika nyika iliyo baina ya Taita na Taveta. Aliona mbele yake mlima wenye weupe kileleni, akatambua kwamba ni theluji, akaandika katika daftari lake siku na alichokiona. Habari ilipochapwa Ulaya, mtaalamu mmoja wa London, W. D. Cooley, aliikataa kabisa, akisema theluji haiwezi kuwapo karibu na mstari wa ikweta. Cooley alikuwa na vitabu vingi, lakini hakuwa amefika. Miaka ya 1861 na 1862 Karl Klaus von der Decken aliufikia mlima huo wa Kilimanjaro, na neno la Rebmann likathibitika. Bila shaka watu wa Taita na wa Taveta walikuwa wakiuona weupe ule kila siku tangu enzi za mababu. Lakini neno lao halikuulizwa, kwa kuwa halikuwa limeandikwa.

Hapo ndipo penye kiini cha habari hii. Jambo lisiloandikwa na mwenyewe siku litokeapo huandikwa na mwingine baadaye, kama apendavyo yeye, au hubishaniwa bila mwisho. Mbuga za Tsavo zimechukua zaidi ya nusu ya eneo la Taita Taveta, na ndovu hawaujui mpaka. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 iliweka njia ya kudai fidia mazao yanapoharibiwa. Mkulima aendaye ofisini na maneno, "Ndovu walikuja, walikula sana," hupata taabu. Mwenzake aendaye na tarehe, saa, idadi ya ndovu, ukubwa wa shamba lililoliwa kwa hatua, na majina ya majirani wawili walioshuhudia, amekwenda kama kadeti mbele ya watahini. Huenda naye akangoja, lakini hawezi kuambiwa kwamba hana habari kamili.

Kuanza si kazi ngumu. Daftari la shule latosha. Kwa mvua, tafuta kopo lililonyooka ubavuni, mdomo wake na kitako chake viwe na upana mmoja, ulisimamishe mahali peupe mbali na miti na paa, kisha kila siku saa tatu asubuhi upime maji yaliyomo kwa rula, uandike milimita, na umwage. Siku isiyo na mvua, andika sifuri, usiruke. Andika siku ya kupanda, mbegu uliyotumia, siku ya kupalilia, magunia uliyovuna na bei uliyouzia. Mtoto anayejua kusoma apewe zamu yake, na mzazi atie sahihi mwisho wa juma. Baada ya misimu mitano nyumba hiyo itajua mambo ya shamba lake ambayo hakuna bwana shamba awezaye kuyajua kwa kupita njiani.

Karani naye ajiangalie. Rejista inayojazwa mwisho wa mwezi kwa kukisia, ili mkaguzi aikute imejaa, ni sawa na bildi isiyotupwa majini. Kwa muda haitaonekana kosa, lakini siku moja mtu atapanga barabara, dawa au chakula cha njaa kwa tarakimu zile, na meli itapanda mwambani pamoja na wote waliomo.

Wazee wa pwani walikwisha sema: mali bila daftari hupotea bila habari. Usemi huo ulitoka kwa wenye majahazi na wenye maduka, lakini hauna mwenyewe. Unamfaa kijana aliye sitahani usiku wa manane, na unamfaa mama wa Mwatate mwenye kopo la mvua na kalamu ya risasi.